Sifa za Mtu wa Pili

Katika vyeo vyote vya dola hapana kinachotolewa kwa haraka kama cheo cha pili. Atakaye kuwa Rais hujitokeza hadharani akalisema neno hilo kwa kinywa chake; huchukua fomu, huzunguka mikoani akitafuta wadhamini, hukaa mbele ya kamati akaulizwa maswali, na mahasimu wake humchungua hata katika nyayo zake. Mtu wa pili hana safari hiyo. Jina lake hutajwa mchana, na kabla ya jua kuchwa amekwisha kuwa mgombea mwenza, anapigiwa makofi na watu ambao asubuhi hawakuwa wakimfikiria. Walakini kati yake na kiti cha kwanza hapana ukuta, hapana uchaguzi mwingine, wala hapana mwezi mmoja wa kungoja. Kuna uhai wa mtu mmoja tu.

Kwa sababu hiyo swali la utayari wake ni swali zito, na aliulizaye hana haja ya kuomba radhi. Taabu iko kwingine. Swali hili aghalabu huulizwa na mfuasi wa chama juu ya mtu wa chama kingine, naye mfuasi huyo huyo hulifumba mdomo linapomkabili mtu wa chama chake. Hapo ndipo jambo la siasa linapogeuka kuwa jambo la maadili. Kwa kuwa mizani yenye jiwe moja la kununulia na jingine la kuuzia ni mizani ya mwizi, hata kama kila jiwe peke yake ni la haki.

Usoke ni mahali panapofaa kulitazamia jambo hili. Ni mji mdogo wa reli katika wilaya ya Urambo, baina ya Tabora na Kaliua, juu ya njia ya Kigoma. Watu wake hulima tumbaku, mahindi na karanga, na misitu ya miyombo iliyowazunguka huwapa asali. Upande wa mashariki wake iko Unyanyembe, iliyokuwa nchi ya Fundikira na Isike. Upande wa magharibi iko Urambo ya Mirambo. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikaelekea Ujiji ilipita katika nchi hizi, na kila msafara ulihitaji kirangozi wa kutangulia na wanyampara wa kuwaamuru wapagazi. Kazi ya kirangozi haikuwa zawadi. Ilimpasa kujua njia, visima, na watemi waliodai hongo na kiasi cha hongo yao. Homa ikimwangusha porini, msafara haukuwa na wasaa wa kumtafuta mwingine kwa nasaba au kwa urafiki. Ama alikuwapo aijuaye njia, ama watu walikufa kiu.

Watemi hawakuwa na bahati ya wapagazi. Fundikira alipofariki karibu na mwaka 1859, Mnywa Sele alikalia kiti cha Unyanyembe, akaziamuru bidhaa za wafanya biashara wa Kiarabu wa Tabora zitozwe kodi. Wafanya biashara wale hawakupendezwa. Haukupita muda mrefu wakamtoa kwa silaha, wakamweka Mkasiwa. Na Mnywa Sele akawa mtu wa porini mwenye bunduki mpaka alipouawa mwaka 1865. Hapana shaka kila upande ulikuwa na maneno yake juu ya nani mrithi wa haki na nani hafai. Bali msomaji akiyapima maneno hayo kwa matendo, ataona kuwa utayari wa mtemi ulipimwa kwa kodi: aliyeitoza hakufaa, na asiyeitoza alifaa. Mizani ya jiwe mbili haikuletwa na vyama vya siasa. Ilikuwapo Tabora kabla ya reli.

Upande wa magharibi kosa lilikuwa la namna nyingine. Mirambo alijenga dola kwa akili yake na kwa mkono wake mwenyewe, na alipofariki Desemba 1884 kiti kilimwendea ndugu yake, Mpandashalo. Huyu alirithi vita vya ndugu yake pasipo kurithi utii ambao watu walimpa ndugu yake, na dola ile ikavunjika vipande mikononi mwake kabla Wadachi hawajafika kuimaliza. Wanahistoria hutaja sababu nyingi za mvunjiko ule, nazo ni za kweli. Moja yao ni hii, kwamba mtu mkubwa aliishi miaka mingi kama kwamba hapatakuwa na siku baada yake, na walio karibu naye hawakuthubutu kumwuliza.

Kutothubutu huko kunastahili kutazamwa kwa utulivu, kwani ndiko kunakowatenda watu mpaka leo. Kuuliza juu ya mtu wa pili ni kutaja mauti ya mtu wa kwanza. Nchi zetu zina adabu. Mtu hasemi habari ya msiba katika nyumba ya mwenye uhai. Adabu hii ni njema sebuleni, lakini ikiingia katika mambo ya dola hugeuka kuwa pazia. Kenya ilionyesha jambo hili waziwazi. Daniel arap Moi alikuwa Makamu wa Rais tangu mwaka 1967. Mwaka 1976, Mzee Jomo Kenyatta akiwa amekwisha kuwa mtu wa makamo makubwa, kikundi cha wanasiasa kilipita kikihutubia mikutano kwamba Katiba ibadilishwe, ili Makamu asishike urais kwa siku 90 pindi kiti kiwapo wazi. Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, aliwajibu mwezi Oktoba mwaka ule kwa kuwakumbusha kwamba kuwaza na kukusudia kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Mikutano ikanyamaza. Kenyatta alifariki tarehe 22 Agosti 1978, na Moi akaapishwa siku ile ile.

Watu wengi husimulia habari hii kama hadithi ya wabaya walioshindwa. Kwa hakika wale waliotaka kubadilisha Katiba hawakuuliza swali la utayari kwa moyo safi. Walichotaka ni kiti kisitoke katika mduara wao, na kama Moi angetoka katika mduara ule wangemwona hodari wa mahodari. Bali hebu msomaji aendelee mbele mpaka mwaka 1982, chama kimoja kilipofanywa kuwa sheria, na mpaka vyumba vya mateso vya Nyayo House, na mpaka Desemba 2002 Moi alipotoka madarakani baada ya miaka 24. Je, halikuwako swali la haki ambalo Wakenya walistahili kuuliza mwaka 1976 juu ya mtu huyu, juu ya namna atakavyotumia nguvu, juu ya subira yake kwa wanaompinga? Lilikuwako. Lakini waliolishika walilishika kwa mikono michafu, na aliyewajibu aliwajibu kwa kitanzi, na baina ya hila na kitanzi swali lenyewe likapotea. Hii ndiyo hasara kubwa ya upendeleo: humdhulumu anayepimwa, kisha hulichafua swali hata mtu mwema aogope kuliokota.

Tanzania ina habari iliyo karibu zaidi, na watu wa Usoke waliiona kwa macho yao wenyewe kwa sababu mbunge wao alikuwa ndani yake. Samuel Sitta, mbunge wa Urambo Mashariki, aliyewahi kuwa Spika tangu 2005 hata 2010, alichaguliwa mwaka 2014 kuwa Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba mjini Dodoma. Makamu wake alikuwa Samia Suluhu Hassan, mbunge wa Makunduchi, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Makamu wa Rais aliyeshughulikia Muungano. Bunge lile lilikuwa na ugomvi mwingi. Wajumbe wa upinzani waliojiita Ukawa walitoka nje mwezi Aprili wasirudi, na waliobaki wakaipitisha Katiba Inayopendekezwa mwezi Oktoba. Nayo mpaka leo haijapigiwa kura na wananchi. Katika miezi hiyo Makamu Mwenyekiti alikalia kiti mara nyingi, akawatuliza wajumbe wenye hasira, akatoa nafasi na kunyima nafasi, huku nchi nzima ikimwona katika televisheni na kumsikia redioni.

Basi mwaka mmoja baadaye ushahidi ulikuwapo. Aliyetaka kujua kama mama huyu ana kichwa cha kuongoza hakuwa na haja ya kupiga ramli. Tena alikuwa na kazi nyingine za kutazamwa: ukarani katika serikali ya Zanzibar tangu ujana wake, masomo ya utawala Mzumbe, uwakilishi na uwaziri Zanzibar tangu mwaka 2000, ubunge tangu 2010. Lakini ushahidi mmoja ulisomwa kwa namna mbili. Mfuasi wa Chama Cha Mapinduzi aliona katika kiti cha Dodoma upole na uthabiti. Mfuasi wa Ukawa aliona katika kiti kile kile mtu aliyesaidia kupitisha jambo lisilokubaliwa na nusu ya nchi. Hapana hata mmoja wao aliyefanya kazi ya kutenganisha mambo mawili: kama jambo lililopitishwa lilikuwa jema, na kama aliyekalia kiti alijua kukikalia. Mtu aweza kuongoza vizuri kikao kilichoamua vibaya, na aweza kuongoza vibaya kikao kilichoamua vizuri. Kupima utayari ni kulitazama hilo la pili, nalo halimpendezi mshabiki kwa sababu halimpi ushindi.

Ilipofika Julai 2015 Chama Cha Mapinduzi kiliwachuja waliotaka urais. Watu 42 walichukua fomu, 38 wakazirudisha. Sitta alikuwa mmoja wao, na chujio likamwacha. Wakabaki watano, kisha watatu: John Magufuli, Amina Salum Ali na Asha-Rose Migiro. Mkutano Mkuu ukampa Magufuli kura 2,104. Kisha likatajwa jina la mgombea mwenza, na jina hilo halikuwa miongoni mwa wale watatu, wala watano, wala 38. Samia Suluhu Hassan hakuwa ameomba. Yaani mtu ambaye baada ya miaka mitano na miezi minane angeapishwa kuwa Rais hakupita hata katika tundu moja la chujio ambalo chama kizima kilikesha kulisuka. Hili si neno la kumshusha yeye. Kutoomba si aibu, na pengine ni sifa. Ni neno juu ya chujio.

Sheria nayo haisaidii sana. Katiba humtaka Makamu awe raia wa kuzaliwa, awe na miaka 40, awe mwanachama wa chama cha siasa na mwenye sifa za kuwa mbunge au mwakilishi. Hizi ni sifa za mlangoni. Juu yake imeweka sharti moja la busara, kwamba Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu atoke upande wa pili. Sharti hili limeuhifadhi Muungano, na mwenye akili hatalitupa. Lakini lina kivuli chake. Tangu mgombea mwenza alipoanza kupigiwa kura pamoja na Rais mwaka 1995, waliokalia cheo hiki mpaka mwaka 2021 walikuwa Omar Ali Juma, Ali Mohamed Shein, Mohamed Gharib Bilal na Samia Suluhu Hassan, wote Wazanzibari. Watu wakazoea kukiona cheo kama fungu la Zanzibar katika sinia ya pamoja, na mwenye kula fungu haulizwi kama ana njaa. Aliyetaka kuuliza utayari wa mtu aliogopa kuonekana anauliza haki ya visiwa. Kwa hiyo akanyamaza, na kunyamaza kwake kukaitwa heshima.

Upande wa Ukawa hali haikuwa bora, na hapa pana jambo ambalo washabiki wa pande zote hawakulipenda kukumbushwa. Mgombea wao alikuwa Edward Lowassa, na mgombea mwenza alikuwa Juma Duni Haji, aliyetoka CUF akajiunga na Chadema ili sheria imruhusu kusimama naye. Katika kampeni zile mahasimu wa Lowassa walisema mengi juu ya afya yake. Walihesabu dakika alizosimama jukwaani. Mgombea wao Magufuli alipiga pushapu mbele ya halaiki, na halaiki ikafahamu anachokusudia. Haya, na yachukuliwe kuwa walisema kweli na kwa nia njema. Ikiwa Lowassa alikuwa mgonjwa kiasi hicho, basi Juma Duni Haji ndiye aliyestahili kuchunguzwa kuliko mtu yeyote katika nchi. Amefanya nini alipokuwa waziri Zanzibar? Miaka aliyokaa kizuizini kwa kesi ya uhaini, mpaka alipoachiwa mwaka 2000, ilimjenga au ilimtia uchungu? Anaijua Bara kiasi gani? Maswali haya hayakuvuma. Waliopiga kelele juu ya ugonjwa hawakupiga hatua ya pili ambayo kelele zao ziliidai, na kwa kutoipiga walifichua kwamba hawakuogopa kitakachoipata nchi. Walitaka kidonda, hawakutaka dawa.

Nao wafuasi wa Magufuli, wenye mgombea wa pushapu, waliona hawana sababu ya kumtazama wa pili wao kabisa. Magufuli alizaliwa Oktoba 1959 na mgombea mwenza wake Januari 1960. Miezi mitatu tu ilikuwa baina yao. Nani angefikiri habari ya urithi? Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, akiwa na miaka 61. Lowassa aliyehesabiwa dakika alimzika, akaishi mpaka Februari 2024.

Siku mbili baada ya kifo kile, tarehe 19 Machi, Makamu aliapishwa Dar es Salaam kwa mujibu wa ibara ya 37 ya Katiba, akawa Rais kwa muda wote uliobaki, zaidi ya miaka minne na nusu. Hapo ndipo swali la utayari lilipopanda kama maji ya mafuriko. Wengine waliuliza kama mwanamke ataweza. Swali hilo halikuwa la utayari bali la ujinga, na halistahili wino zaidi. Wengine waliuliza kwa dhati: ataendelea na njia ya mtangulizi wake au atafungua nyingine? Je, alikuwa akishauriwa katika mambo makubwa, au aliketi pembeni? Maswali mema, lakini yaliulizwa wakati ambapo jibu halikuweza tena kubadili kitu. Na wapo waliokuwa kimya miaka sita ambao juma lile waligundua kwamba siku zote walimjua kuwa shujaa. Sifa inayokuja baada ya kiapo haina thamani ya ushahidi; mwenye kuitoa angeitoa kwa yeyote aliyeapa.

Pana wanaodai kwamba utayari haupimiki kabla ya kazi, na kwamba kiti humfundisha akikaliaye. Neno hili lina ukweli wake. Rashidi Kawawa, aliyesoma Tabora, aliachiwa uwaziri mkuu Januari 1962, Nyerere alipojiuzulu ili akijenge chama, na mwaka huo haukumaliza kabla hajaonekana kuwa mtu wa kazi. Lakini watetezi wa neno hili husahau kuwa Kawawa alikuwa karibu na mambo. Mtu wa pili hafundishwi na kiti asichokalia. Hufundishwa na yule wa kwanza, akipenda. Harry Truman alikuwa Makamu wa Rais wa Marekani kwa siku 82 tu Roosevelt alipofariki tarehe 12 Aprili 1945, na alikuwa hajaambiwa kwa ukamilifu habari ya bomu la atomu ambalo lilikuwa likiundwa kwa jina la nchi yake. Baada ya miezi minne mabomu mawili yalikuwa yamekwisha kuanguka juu ya Japani. Kama Truman hakuwa tayari, lawama si yake peke yake, na wala si yake kwanza. Utayari wa mtu wa pili una mizizi katika moyo wa mtu wa kwanza: je, huyu yu radhi kumwonyesha mwenzake hesabu, siri na makosa yake, au amemtaka awe pambo la jukwaani? Swali hili laweza kuulizwa mapema kabisa, tena laweza kuulizwa na wafuasi wake kuliko mahasimu, kwa kuwa wao ndio wanaosikilizwa naye.

Malawi iliona upande mchungu wa jambo hili. Mwaka 2009 chama cha Bingu wa Mutharika kilimsimamisha Joyce Banda pamoja naye na kumsifu nchi nzima. Mwaka 2010 kilimfukuza, naye akaunda chama chake, lakini umakamu ulibaki kwa kuwa ulikuwa wa wapiga kura. Mutharika alipofariki tarehe 5 Aprili 2012, mawaziri wa serikali yake walisema hadharani kwamba mama huyu hawezi kurithi. Siku mbili kupita, sheria ikawashinda, akaapishwa. Walioimba sifa zake mwaka 2009 na waliomkataa mwaka 2012 ni watu wale wale, na katika miaka ile mitatu hapana maarifa aliyoyapoteza. Alichopoteza ni kadi.

Si Afrika pekee. Mwaka 2008 chama cha Republican cha Marekani kilikuwa kikimlaumu Barack Obama kwa uchache wa miaka yake katika Seneti. Kisha, mwisho wa Agosti, John McCain, mwenye miaka 72, akamtaja Sarah Palin, gavana wa Alaska asiyetimiza miaka miwili kazini, kuwa mgombea mwenza. Usiku mmoja ulitosha. Waliokuwa wakisema kwamba uzoefu ni kila kitu wakasema kwamba busara ya mtu wa kawaida yatosha. Na waliokuwa wakisema kwamba uzoefu si hoja wakaanza kuhesabu miezi ya mama yule. Hawa wawili hawakubishana. Walibadilishana ndimi.

Itasemwa kwamba mshabiki ana kazi yake, na kwamba bila mahasimu hakuna anayefukua. Ni kweli, na hapana haja ya kulikana. Hasimu ana macho makali. Ataona tundu ambalo rafiki amelipaka chokaa. Swali lililoulizwa kwa nia mbaya laweza kuleta jibu jema, na nchi yenye mahasimu wawili wanaochunguzana kwa chuki ina usalama kuliko nchi isiyochunguza. Walakini hasimu amechelewa siku zote. Anapoanza kufukua, jina limekwisha pelekwa Tume. Mwenye uwezo wa kuzuia uteuzi mbaya ni mjumbe aliyeketi ndani ya ukumbi jina linapotajwa, naye ndiye aliyesimama wa kwanza kupiga makofi. Kwa hiyo wajibu wa swali hili, ukitazamwa vizuri, unamwangukia rafiki kabla ya adui. Aliyempenda Magufuli kwa kweli ndiye aliyepaswa kuuliza mwaka 2015: bwana wetu akianguka, huyu ataibeba kazi yake? Na aliyempenda Lowassa ndiye aliyepaswa kumkalisha Juma Duni Haji chini na kumsikiliza kutwa nzima. Kuuliza hivyo si usaliti wa chama. Ni kukichukulia chama kuwa kitu kitakachobeba uhai wa watu.

Hapa pana ugumu wa kweli, wala haufai kupuuzwa. Mjumbe aulizaye hujulikana. Katika vyama vyetu mtu aliyesimama ukumbini wakati wengine wanashangilia huandikwa mahali, na fomu yake ya ubunge baada ya miaka mitano huweza kupotea njiani. Anayemtaka awe shujaa kila siku humtaka kitu kikubwa. Lakini lipo jambo dogo lililo katika uwezo wake, nalo ni kutosema asichokijua. Akiulizwa na mkulima wa tumbaku kijijini, huyu wa pili ni mtu gani, aseme alichokiona Dodoma, na asichokiona akiache. Uongo mwingi juu ya watu wa pili hauzaliwi na chuki. Huzaliwa na watu waungwana walioona haya kukiri kwamba hawajui.

Januari 2025, mjini Dodoma, Mkutano Mkuu wa Chama Cha Mapinduzi ulimteua Samia Suluhu Hassan agombee urais. Philip Mpango, aliyeidhinishwa na Bunge kuwa Makamu mwezi Machi 2021 bila kupigiwa kura na wananchi, alikuwa ameomba kupumzika, na mahali pake akatajwa Emmanuel Nchimbi, aliyekuwa Katibu Mkuu wa chama. Kwa mara ya kwanza tangu 1995 mgombea mwenza wa chama hicho alitoka Bara, na kivuli cha fungu la visiwa hakikuwapo tena kumzuia mwulizaji. Tena aliyekuwa akitaja jina lile alikuwa mtu pekee katika ukumbi aliyejua kwa nafsi yake maana ya kuamka makamu na kulala Rais. Ukumbi ulishangilia kama ulivyoshangilia mwaka 2015. Safari hii hata hasimu hakuwapo wa kufukua, kwa kuwa mwezi Aprili Chadema ilizuiwa kushiriki uchaguzi na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, akashtakiwa kwa uhaini. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba ulipita katika maandamano na vifo. Tume ikatangaza ushindi wa zaidi ya asilimia 97, na mwezi Novemba Nchimbi akaapishwa. Katika miezi tisa baina ya jina na kiapo alipita nchi nzima akihutubia, na watu wa Tabora wakamwona kama walivyomwona kila aliyepita njia hiyo kabla yake. Aliulizwa juu ya barabara, maji na bei ya tumbaku. Angefanya nini siku ambayo simu ingelia usiku, hakuulizwa.